Jinsi ya kujenga nukliasi ya darasani kwa mabakuli mawili na uzi wa sweta

Daftari la bayolojia la mwanafunzi wa S5 hapa Uganda, yaani kidato cha tano, ukilifungua, awe Kampala awe Arua, mchoro wa nukliasi, kile kiini cha seli, ni uleule, duara moja, ndani yake vijiherufi X vimemwagwa ovyo, alafu mshale, kromosomu. Sasa ile sura ya X ni ya muda mfupi tu, seli ikijiandaa kugawanyika. Muda wote mwingine kromosomu zimefunguka, nyuzi ndefu, na kila moja ina mtaa wake ndani ya nukliasi, na mtaa ambao jeni inakaa unachangia sana kama itafanya kazi au italala, na pia unachangia itakutana na nani. Hilo la kukutana ndo nnalotaka tufike nalo mwisho, manake mfano wake ninaoupenda kuliko yote ulianzia hapahapa hospitali ya Mulago, Kampala.

Kwa maneno matupu wanafunzi hawalishiki hili, nimeona. Kwa mikono wanalishika. Kwa hiyo hapa naeleza jinsi ya kuijenga nukliasi yenyewe, mchana mmoja unatosha, na ukiwa na watu wanne watano wa kusaidia kukata uzi hata mapema zaidi.

Vitu vya kutafuta

Mabakuli mawili ya plastiki yanayoonyesha ndani, yanayolingana, mdomo sentimita 20 hivi, ukiyafunikanisha unapata kitu karibu na mpira. Uzi wa kufumia sweta rangi saba, pale soko la Owino mabaki ya uzi yapo tele na ukiongea vizuri wanakupa kwa bei ya kutupa. Kipande cha chandarua kilichochanika, tafadhali sio kile watoto wanalalia. Sindano ya kushonea magunia, mkasi, gundi, seloteipu, msumari wa inchi mbili, shanga chache, vibanio vya nguo, kijiti cha mshikaki, na zile pete za plastiki zinazobaki shingoni mwa chupa ya soda ukishafungua kifuniko, hizo usizitupe zina kazi kubwa.

Kabla ya kukata chochote waambie watu kipimo. Nukliasi ya seli ya binadamu ina upana wa mikromita 10 hivi, bakuli letu sentimita 20, kwa hiyo tumekuza mara 20,000. DNA ya seli moja ukiinyoosha ni kama mita 2. Zidisha na wewe. Inatoka kilomita 40, yaani uzi unaotoka Kampala unafika Entebbe, na unene wake kwa kipimo hichohicho ni milimita 0.04, mwembamba kuliko unywele, wote huo uingie ndani ya mabakuli mawili na usijifunge mafundo na jeni yoyote ikihitajika ipatikane. Acha wakae na hiyo namba kidogo kabla hujaendelea.

Seli inaanza kupunguza urefu kwa kuizungusha DNA kwenye protini zinaitwa histoni, kila jozi 147 za herufi za DNA zinazunguka fungu moja la histoni nane karibu mara mbili, hiyo ndo nukliosomu, alafu kipande kifupi, alafu nyingine, mamilioni. Sisi hatutafunga nukliosomu, tutachukulia uzi wa sweta ni DNA ambayo tayari imeshazungushwa na kukunjwa, na tutatumia kipimo cha urefu kilicho rahisi: sentimita 1 ya uzi ni jozi milioni 1.

Gamba kwanza

Bandika chandarua ndani ya mabakuli yote mawili, kipakane na ukuta. Huo ni wavu wa protini zinaitwa lamini, uko chini ya ukuta wa nukliasi, na sio urembo. Jeni yake moja, LMNA, ikiharibika kwa namna fulani mtoto anapata projeria, anazeeka angali mdogo, na seli zake ukizitazama kwa darubini nukliasi zimejaa mabonde na uvimbe badala ya kuwa duara safi.

Alafu pasha msumari moto utoboe vishimo, mtu mzima ndo ashike msumari. Milango halisi ya nukliasi ina upana wa nanomita 120 hivi, kwa kipimo chetu ni milimita 2.4, ndo sababu nikasema inchi mbili, unene wake unakaribia. Seli ina milango elfu kadhaa. Wewe toboa hamsini, ukichoka acha.

Unganisha mabakuli kwa seloteipu upande mmoja tu ili yafunguke na kufungika.

Kukata uzi

Kromosomu 46 zote zinakula mita 62 hivi za uzi, na zinaenea, ila kwa mara ya kwanza chukua aina saba tu, kila aina nyuzi mbili, wa mama na wa baba, rangi moja. Kromosomu ya 1 ni sentimita 249, X ni 156, ya 8 ni 145, ya 14 ni 107, ya 18 ni 80, ya 19 ni 59, ya 21 ni 47. Jumla kama mita 17. Kwa kuwa tumeweka X mbili hii nukliasi ni ya mwanamke.

Sasa alama mbili, na hizi usiziruke. Kwenye nyuzi za kromosomu ya 8 pima sentimita 128 kutoka mwanzo, funga ushanga mwekundu. Hiyo ni jeni MYC, inayosukuma seli ikue na igawanyike. Kwenye nyuzi za kromosomu ya 14 pima sentimita 106, karibu kabisa na mkia, funga ushanga wa njano. Hapo ni IGH, eneo la jeni za kutengeneza kingamwili. Ukichanganya mwanzo na mwisho wa uzi kila kitu baadaye kitaenda kombo, kwa hiyo mwanzoni funga fundo.

Kupanga

Tengeneza tufe la karatasi iliyolowekwa na gundi, upana sentimita 4, likikauka lining'inize katikati kwa uzi. Hiyo ni nukleoli, kiwanda cha kuandaa ribosomu, zile mashine za kutengeneza protini, na haina ukuta wake, ni mkusanyiko tu wa protini na RNA. Jeni zinazoitengeneza ziko kwenye mikono mifupi ya kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22, kwa hiyo wewe chukua ncha za mwanzo za nyuzi za 14 na 21, zote nne, uzifunge kwenye tufe. Tayari unaona kromosomu tofauti kabisa zimelazimika kuwa majirani kwa sababu ya kazi.

Kila uzi uliobaki ukunje peke yake, uwe fungu lake, usiusambaze nukliasi nzima. Mipakani mafungu yaingiliane kidogo tu. Na zile nyuzi mbili za rangi moja usiziweke pamoja, kwa binadamu kromosomu ya mama na mwenzake wa baba kwa kawaida hazikai bega kwa bega kwenye seli za mwili (nzi wa matunda ndo zinashikana, wao wana mambo yao).

Ya 18 peleka ukutani, ya 19 iweke katikati. Zimepishana urefu kidogo tu, ila ya 19 imejaa jeni, karibu 1,400 za kutengeneza protini, na ya 18 ambayo ni ndefu kuliko yeye haifiki hata 300. Mwaka 1999 watafiti wa Edinburgh walizipaka rangi hizi mbili kwenye nukliasi wakaonyesha ile maskini wa jeni inakaa pembeni na tajiri inakaa ndani. Ila waambie wanafunzi sio sheria ya kila seli, ni mwelekeo, seli mbili za mtu mmoja hazipangwi sawa, na kila zikigawanyika mpangilio unavunjwa unajengwa upya. Makundi mawili darasani yakijenga nukliasi zikatofautiana hakuna aliyekosea mradi ya 18 iko nje.

X moja ibane iwe kitonge kigumu uishone kwenye wavu, X ya pili iache kawaida. Kile kitonge Murray Barr na Ewart Bertram walikiona 1949 kwenye seli za neva za paka jike, na 1961 Mary Lyon akaeleza ni X iliyozimwa. Basi, hiyo imeisha.

Kazi inayochukua muda ni hii ya sasa. Hata ndani ya uzi mmoja sehemu hazifanani. Zile zenye jeni zinazofanya kazi zichambue kwa vidole, uzi ulegee uwe na manyoya, zielekeze ndani. Zile zilizolala, heterokromatini, jina alilotoa Emil Heitz 1928, zikunje kwa kubana uzishone kwenye chandarua kwa sindano. Kwa binadamu zaidi ya theluthi ya DNA inagusana na wavu wa lamini, kwa vipande zaidi ya elfu moja, vidogo vyake kwa kipimo chetu ni milimita 1 na vikubwa sentimita 10. Kwa hiyo uzi wa kromosomu ya 1 utashonwa hapa, utatoka kuelekea ndani, utarudi, utashonwa tena, mara kadhaa. Mbele ya kila kishimo ulichotoboa acha nafasi, usishone, kwa sababu kwenye milango kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, huwa imefunguka, ingekuwa imebanwa pale vitu vingepita wapi.

(Mwenye ubishi atauliza kama lazima iwe hivyo. Hapana. Seli za jicho za kuonea gizani za wanyama wa usiku, panya na paka wakiwemo, zimegeuza kila kitu, zilizolala ziko katikati na zinazofanya kazi ziko pembeni, na mwanga unapita vizuri zaidi. Iligunduliwa 2009.)

Kuipima

Funga mabakuli, chomeka kijiti cha mshikaki kupitia kishimo kimoja kiingie kina cha vidole vitatu, alafu fungua taratibu uhesabu kimegusa rangi ngapi. Itakuwa mbili, labda tatu. Sasa toa nyuzi za nukliasi ya kundi moja lililokubali kujitolea, zichanganye zote kwa mkono ovyoovyo, rudisha, chomeka tena. Kijiti kitagusa karibu rangi zote.

Ndo hesabu waliyopiga ndugu wawili wa Ujerumani, Thomas na Christoph Cremer. Theodor Boveri alishasema tangu 1909 kwamba kila kromosomu ina eneo lake, ila baadaye wengi wakaliacha wazo hilo wakaamini nyuzi zimechanganyikana tu humo ndani. Akina Cremer wakachukua leza ya miale ya urujuanimno wakapiga nukta moja ndogo ndani ya nukliasi hai, wakangoja seli ifike kugawanyika, alafu wakaangalia ni kromosomu ngapi zimeumia. Zingekuwa zimechanganyikana zingeumia nyingi. Ziliumia chache tu. Mimi naona ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika bayolojia na mwalimu anaweza kulirudia kwa kijiti cha nyama.

Njia ya pili ni vibanio. Mtu afumbe macho, abane popote nyuzi mbili zinapogusana, afumbue, aandike rangi mbili alizobana. Darasa zima likirudia mara nyingi unapata jedwali, na rangi ileile na rangi ileile ndo itaongoza kwa mbali. Maabara wanafanya hivyohivyo, fomaldehaidi inakuwa kibanio, kimeng'enya kinakata DNA, ncha zilizobanwa pamoja zinagundishwa, alafu zinasomwa kwa mashine. Inaitwa Hi-C, ilitoka 2009, na zaidi ya maeneo ya kromosomu ilionyesha kwamba sehemu zinazofanya kazi hupenda kugusana zenyewe kwa zenyewe na zilizolala vilevile.

Kitanzi, hiki kinajengwa nje ya bakuli

Jambo moja haliwezi kuonekana kwenye modeli kubwa. Chukua kamba ya mita moja na nusu, hapa mita 1 ndo jozi milioni 1, tumekuza mara mia tena. Mwanzoni funga ushanga uite SHH, jeni inayoongoza vidole kupangika mimba ikiwa changa. Mita moja mbele funga kitambaa kidogo, hiyo ni enhansa, swichi ya SHH mkononi na mguuni, inaitwa ZRS. Ndiyo, swichi iko mbali hivyo, tena imekaa katikati ya jeni ya mwingine inaitwa LMBR1. Herufi moja tu ikibadilika kwenye hiyo swichi mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada upande wa dole gumba, na SHH yenyewe ukiipima haina kosa lolote.

Swichi inafikaje? Hapa ndo pete ya chupa. Pitisha kamba ndani ya pete ikiwa imekunjwa kidogo, alafu vuta kamba kutoka pande zote mbili iingie kwenye kitanzi, kitanzi kinakua kinakua. Pete ni protini inaitwa kohesini. Funga shanga kubwa mbili zisizopita kwenye pete, moja nje kidogo ya SHH, nyingine nje kidogo ya ZRS, uzichore mishale inayotazamana, hizo ni protini ya CTCF. Pete ikifika kwenye shanga inakwama, na saa hii SHH na kitambaa vimekaa jirani. Mishale ikitazama pande nyingine kohesini huwa haikwami vizuri, huo ni ukweli wa seli, kwenye kamba yako itabidi waamini tu. Kwa majaribio ya maabara pete inavuta jozi elfu moja hivi kwa sekunde, maana yake kwenye kamba ni milimita moja kwa sekunde, ukitaka kuwa mkweli kwa kasi utavuta dakika kumi na kitu na darasa litasinzia, vuta tu haraka.

Ukiondoa pete vitanzi vinafunguka. Ukiondoa shanga za mpakani, pete haina pa kusimama, swichi inaweza kuishia kuwasha jeni ya jirani. Vitongoji hivi vilichorwa vizuri kuanzia 2012, vinaitwa TAD, vingi ni chini au karibu na jozi milioni moja, kwa hiyo kwenye bakuli kila kimoja ni sentimita moja au pungufu.

Mkasi

Rudi kwenye bakuli. Nukliasi yetu sasa iwe ya limfosaiti B, seli ya kinga. Kwenye seli hii IGH inafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo ule ushanga wa njano mtoe pembeni umsogeze kwenye sehemu iliyochambuliwa manyoya. MYC nayo ikiamshwa inakuja sehemu hizohizo. Watafiti wamepima kwenye seli B za kawaida, zisizo na ugonjwa, wakakuta MYC na IGH zinakaribiana mara nyingi kuliko bahati tupu ingeleta. Sogeza ushanga mwekundu mmoja na wa njano mmoja mpaka vikaribie kugusana.

Sasa, ili kuboresha kingamwili, seli B ina kimeng'enya kinaitwa AID ambacho kazi yake ni kuharibu kwa makusudi DNA ya IGH ili ibadilike. Mara nyingine kinauma na MYC. Kata uzi wa 8 kwa mkasi, kandokando ya ushanga mwekundu upande wa mwanzo, utabaki na mkia wa sentimita 17 wenye MYC. Kata na uzi wa 14 kwenye ushanga wa njano, kinatoka kipande kidogo cha ncha, ushanga wenyewe uache kwenye uzi mrefu. Seli ina mafundi wa kuunga DNA iliyokatika, ila fundi anaunga ncha anazozikuta karibu. Unganisha mkia wa 8 kwenye uzi wa 14, kile kidogo cha 14 kiende kwenye 8. Waulize wanafunzi nini kimebadilika. Hakuna jeni iliyopotea, MYC ni ileile herufi kwa herufi au karibu, ila sasa inakaa chini ya swichi za IGH ambazo kwenye seli B hazizimwi. Seli inagawanyika bila breki.

Hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B. Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mulago, aliandika 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya, na sampuli zilizosafirishwa kutoka Kampala ndo Anthony Epstein na wenzake walizotumia kugundua virusi vya Epstein-Barr, 1964. Ukichora ramani ya ugonjwa huu Afrika inafuata ukanda wa malaria kali, na maelezo yanayoshikika ni kwamba virusi vinaziweka hai seli B ambazo zingekufa, na malaria ya falsiparamu inazichochea mfululizo, AID ikiwa juu, kwa hiyo mkasi unafanya kazi muda mrefu kwenye nukliasi ambamo ushanga mwekundu na wa njano tayari ni majirani. Saa hii unaelewa kwa nini niligombana kuhusu chandarua cha watoto.

Kundi litakalomaliza mapema lipe kazi hii: kesi nyingi za Burkitt ni 8 na 14, ila chache ni 8 na 2, na nyingine 8 na 22. Wakate nyuzi za 2, sentimita 242, na za 22, sentimita 51, waziingize bakulini, alafu waseme kabla ya kutafuta popote ni jeni za aina gani wanategemea kuzikuta pale zilipokatika, na kwa nini zingekuwa mtaa mmoja na IGH.